Maneno ya Rahabu Barazani

Ulemo, Iramba
3 Machi 1957

Kwa mkwe wangu Naftali, karani wa baraza, Manyoni.

Usishtuke kupata barua yangu. Tangu ulipomwoa Lea hatujawahi kutazamana. Ukiniona njiani unaingia porini mpaka nipite, na mimi najifunika kaniki yangu. Ndivyo inavyotakiwa kwa mkwe, na umenistahi vizuri, sina lawama. Lakini nimewauliza wazee wa ukoo, nimemuuliza na mchungaji, na hakuna aliyesema mama mkwe amekatazwa kumwandikia mkwewe. Karatasi haina macho. Kwa hiyo mimi nasema kwa Kinyiramba na mwalimu Elina, mke wa mwinjilisti wetu, anaandika kwa Kiswahili. Nimemwambia aandike hivi hivi ninavyosema, hata nikikohoa.

Jambo lenyewe ni shamba langu la mbugani. Tangu mwezi wa kwanza baraza limempa shemeji yangu Yeremia, eti ni la ukoo, na mjane hana haki nalo. Mtama nilioupanda mimi anaupalilia yeye, na akienda huko anapita mbele ya nyumba yangu akipiga mluzi. Bila shamba lile nitakula kwa kuomba kwa Yeremia mpaka nife, na Yeremia ni mkono wa birika, unamjua.

Wewe ndiye uliyekuwa mkalimani siku ile, kabla hujahamishiwa huko. Serikali imesema barazani ni Kiswahili, na hakimu ni mtu wa kuja, hajui Kinyiramba. Basi nikasema kwa lugha yetu, wewe ukamgeuzia. Nilikuwa nimeinamisha macho, nasikia sauti yako tu. Nilisema maneno mengi, Naftali. Hukumu ikaja fupi: Rahabu hana shahidi. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Shahidi nilimtaja! Hakimu hakusikia? Naomba uniambie, tena uniletee nakala ya yale yaliyoandikwa.

Msalimu Lea. Mwambie kuku wake mwekundu ametaga kumi na mbili.

Rahabu, mama wa mkeo


Manyoni
22 Machi 1957

Mama mkwe, shikamoo.

Barua yako ilinikuta ofisini. Niliisoma nimesimama, maana kuisoma nimekaa niliona si adabu. Lea hajambo, amefurahi sana kwa habari ya kuku.

Huku Manyoni ni mji wa reli, na watu ni wa kila namna. Asubuhi moja barazani nasikia Kigogo, Kinyaturu, Kikimbu, na Waarabu wa dukani na yao. Kigogo mimi sijui hata neno la kuombea maji, na Kinyiramba changu wakikisikia wanaangua kicheko. Lakini akisimama Mgogo na Mnyaturu wanaogombea kisima, wote wawili wanashika Kiswahili, hata kama ni cha kuokoteza, na jioni mashauri yamekwisha. Ndiyo maana mimi nakipenda. Siku moja nchi hii itajitawala, huku kwenye mikutano ya chama wanalisema waziwazi, na sijui tungesikilizana kwa lugha gani kama si hii.

Kuhusu shamba, Mama, pole sana. Baraza lilitaka shahidi, na mambo ya zamani ni magumu kuandikika. Nakala yenyewe ni maneno ya kisheria, yatakuchosha bure. Isitoshe siku za kukata rufaa zimekwisha kupita. Naona ni heri tuliache. Lea atakuwa anakuletea unga kila mvuno, hutalala njaa mradi mimi nipo hai.

Mkweo mtiifu,
Naftali


Ulemo
21 Aprili 1957

Mkwe Naftali.

Hii naandika mimi. Ni mkono wangu. Elina amekaa kule, anamenya viazi, haoni.

Herufi nilizijua zamani. Nilipokuwa msichana watu wa misheni walitufundisha kusoma Kinyiramba. Herufi za Kiswahili ni zile zile. Miaka yote hiyo nilidhani ni kitu kingine. Nilidhani ni cha makarani.

Sasa nasoma darasa la Elina. Ni Jumanne na Alhamisi, mchana. Tuko wanawake kumi na mmoja. Mimi ndiye mzee. Wananiita Bibi Darasa. Waache wacheke. Jana nilisoma ubao wote peke yangu, wakanyamaza.

Unga wa Lea sitaki. Nataka shamba.

Wewe hukuleta nakala. Nikaenda barazani kwa miguu. Karani mpya akasema, mama, hii karatasi utaipeleka wapi? Nikasema, nyumbani. Akasema, atakusomea nani? Nikasema, mimi. Akacheka sana. Lakini alinipa.

Ni kurasa mbili. Kila siku nasoma mistari mitatu. Neno nisilolijua namuuliza Elina, neno hilo tu, simwonyeshi karatasi. Sijafika kwenye maneno yangu.

Rahabu


Manyoni
6 Mei 1957

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo. Lea alipoona mwandiko wa mama yake alilia, kisha akacheka, kisha akaenda kuwaonyesha majirani, na majirani ni Wagogo hawamjui hata mama mwenyewe. Mimi nilikaa shule miaka minane. Nilichapwa fimbo kwa ajili ya Kiswahili, nikachapwa tena kwa ajili ya Kiingereza, ndipo nikaweza kuandika barua inayosimama. Wewe umeandika barua inayosimama kwa majuma sita, tena kati ya kupalilia na kuchota maji. Nimefanya kazi na makarani wengi, Mama, na sijaona mtu wa namna yako. Nakwambia kweli kabisa.

Ila nakuomba jambo moja. Ile nakala usiendelee nayo. Kiswahili cha baraza si kile cha ubaoni, kinapotosha mtu asiyekizoea. Ukifika ukurasa wa pili uiache kwanza, nitamtuma Lea aje akueleze taratibu. Tafadhali, Mama.

Mkweo,
Naftali


Ulemo
26 Mei 1957

Naftali.

Uliniambia niache nikifika ukurasa wa pili. Siku barua yako inafika nilikuwa nimekwisha kuumaliza.

Nimesoma mara nne. Mara ya tano nimemwita Elina, nikamwambia soma hapa kwa sauti, nione kama macho yangu ni mabaya. Macho yangu ni mazima. Imeandikwa hivi: “Mdai anasema marehemu mumewe alimpa shamba zamani. Hana la kuongeza.” Basi. Chini yake ni hukumu.

Sina la kuongeza, mimi! Siku ile nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Nilisema hivi, na sasa naandika kwa Kiswahili nione kama kweli ni kigumu.

Nilikuwa na mimba, napalilia shamba lile. Uchungu ukanishika hapo hapo. Hapakuwa na mwanamke karibu. Mume wangu akamtuma mdogo wake, huyu Yeremia, akimbie kuchota maji kisimani. Mtoto akatoka kabla ya maji kufika. Mume wangu akachimba kwa jembe lake, akazika kondo la nyuma kwa mikono yake, kazi ambayo kwetu mwanamume haigusi. Yeremia akarudi na mtungi. Mume wangu akamwambia, umeona mwenyewe, kuanzia leo shamba hili ni la Rahabu, si la ukoo. Mtoto huyo ni Lea.

Nimemaliza. Ni mistari michache. Elina anasema amekosoa herufi mbili tu.

Basi niambie. Kiswahili kilishindwa kuyabeba maneno haya, au ni wewe? Siulizi kwa hasira. Hapana, naandika uongo, nauliza kwa hasira kubwa.

Rahabu


Manyoni
10 Juni 1957

Mama,

Ni mimi. Kiswahili hakina kosa lolote.

Naandika ukweli wote, kisha ufanye utakavyo. Ulipofika kwenye uchungu kukushika, niliona aibu mpaka jasho likanitoka. Mimi ambaye nikikuona njiani siruhusiwi hata kutazama miguu yako, nisimame mbele ya wanaume arobaini nitangaze kuzaa kwako, na kondo, na mtoto mwenyewe ni mke wangu niliyemwacha nyumbani akipika! Ulimi ulikataa. Hakimu akaniuliza, anasemaje? Nikasema, anasema mumewe alimpa zamani. Akauliza, ana jingine? Nikasema, hana.

Nilijiambia nakustahi. Nikatoka pale nikijiona mkwe mwema. Nilikustahi, Mama, mpaka nikakunyang'anya shamba.

Na jingine ulijue. Mle ndani tuliojua lugha zote mbili vizuri tulikuwa wawili tu, mimi na Yeremia. Yeye Kiswahili alikipata Tanga kwenye mkonge. Alisikia niliporuka maneno yako. Alinitazama, nami nikamtazama, na kila mmoja akanyamaza kwa sababu zake. Baadaye nilipoomba kuhamishwa, watu walidhani natafuta cheo. Nilikuwa nakwepa kupita karibu na shamba lile.

Leo asubuhi nimemwandikia Bwana DC wa Kiomboi. Nimekiri kwamba mkalimani aliacha ushahidi wa mdai kwa makusudi, na mkalimani ni mimi. Nimeomba rufaa yako ipokelewe ingawa siku zimepita, kwa kuwa hukuwa na njia ya kujua. Nimetia sahihi jina langu lote.

Sistahili kukuomba msamaha kwa barua, na kwa mdomo siwezi kukufikia. Basi naomba hivyo hivyo.

Naftali


Ulemo
14 Julai 1957

Mkwe Naftali.

Barua yako niliisoma nikakasirika siku tatu. Siku ya nne nilikuwa na kazi.

Sijakusamehe. Nikikusamehe nitaandika, usiwe unamtuma Lea kuuliza. Lakini jambo hili nalisema: aibu yako naielewa. Hata mimi siku ile kwa Kinyiramba yalinitoka kwa shida. Maneno ya kwetu nimeyanyonya kwa mama, nikitaja kuzaa naona shangazi zangu wote wananikodolea macho. Kwa Kiswahili nilipoyaandika hayakuniuma hivyo. Kiswahili bado hakijanijua. Hakina shangazi.

Tarishi amekuja na karatasi ya boma. Nimeitwa Kiomboi tarehe nane Agosti, na Yeremia ameitwa. Sasa hapigi tena mluzi. Tarishi akasema boma kuna mkalimani, Mnyaturu, Kinyiramba anakisikia kidogo. Nikamwambia arudishe majibu kwamba mimi sitaki mkalimani. Tarishi akaduwaa. Alikuwa amekwisha kunisemesha kwa Kiswahili muda wote ule, na nilikuwa namjibu, na hakutambua.

Naogopa, Naftali. Darasani tukikosea tunacheka. Kule nikikosea shamba limekwenda moja kwa moja. Elina ananifanyisha mazoezi, yeye anakuwa Bwana DC, amekaa juu ya kinu.

Kazini wanakusemaje kwa ile barua yako?

Rahabu


Manyoni
28 Julai 1957

Mama, shikamoo.

Kazi inaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi juu yangu. Boma walinijibu kwa heshima.

Nakupa ninayoyajua kwa miaka yangu ya barazani. Sema sentensi fupi, unyamaze, umwache aandike. Akikuuliza jambo ambalo hukuelewa, mwambie arudie. Hakuna aliyewahi kufungwa kwa kusema “sikuelewa”. Usimtazame Yeremia mpaka uwe na swali la kumuuliza, maana sheria inakuruhusu kumuuliza mwenyewe. Na usione haya kukosea. Bwana DC naye hakuzaliwa na Kiswahili. Alikijifunza ukubwani, kwa kitabu, na serikali ikamtahini. Mtakuwa wanafunzi wawili.

Nimekuwa nikifikiri, Mama. Mimi nilijiona mtu wa lugha tatu, watu wakinisifu kwamba nina akili nyingi. Nilikuwa nazo zote tatu siku ile na sikuthubutu kusema kweli hata kwa moja. Wewe ulikuwa na moja, ukaisema yote. Naona fahari kuwa mkweo, na naona aibu, na sijui ipi imezidi.

Tarehe nane sitakula mpaka jua litue.

Naftali


Ulemo
18 Agosti 1957

Mkwe Naftali.

Hii ni ndefu, kaa chini. Nakuruhusu.

Tulifika Kiomboi mapema, mimi na Elina na wanawake saba wa darasa. Tulitembea tangu juzi yake, tukalala kwa dada yake Elina. Chumba kilijaa. Bwana DC ni kijana, ana masikio mekundu. Akauliza, mkalimani yuko wapi? Nikasimama, nikasema, mimi nasema mwenyewe. Akaniuliza kama naelewa kwamba nikisema vibaya yataandikwa hivyo hivyo. Nikamwambia, hivyo hivyo ndivyo ninavyotaka.

Nikaanza. Kwanza nikaomba maji. Kisha nikasema yote. Mimba, uchungu, mtungi, jembe, kondo. Wanaume walitazama chini. Mimi sikutazama chini. Kuna mahali nilikosa neno nikasimama, na Bwana DC naye akalitafuta, akasema neno lisilokuwemo kabisa, hata Yeremia akajisahau akatabasamu. Hapo nikapata nguvu. Nilisema moyoni, kumbe na huyu anahangaika kama mimi.

Nilipomaliza alinisomea aliyoandika, yote, akaniuliza kama ni sawa. Naftali, sijawahi kusikia maneno yangu yakirudi kutoka kwenye mdomo wa mtu mwingine yakiwa mazima. Nilitaka kukaa chini nilie. Sikulia, maana nilikuwa na swali.

Nikamgeukia Yeremia. Nikamwuliza kwa Kiswahili chake mwenyewe cha mkonge: Siku ile Lea alipozaliwa, ulitumwa maji au hukutumwa? Nikamwuliza tena: Uliporudi na mtungi, kaka yako alikuambia nini? Alizungusha kofia mkononi. Alimtazama mkalimani kama anamwomba amsaidie, lakini mkalimani hakuwa na kazi siku hiyo. Mwisho akasema, nilitumwa. Akasema, aliniambia shamba ni la Rahabu. Bwana DC akamwuliza, mbona barazani hukusema? Akasema, hakuna aliyeniuliza.

Na hilo ni kweli. Hakuna aliyemuuliza.

Shamba ni langu. Nina karatasi yenye muhuri. Nimeisoma mwenyewe njiani, mara mbili, wanawake wamesimama wamenizunguka. Mtama Yeremia amekwisha kuuvuna, lakini Bwana DC amemwamuru anirudishie nusu, na jana ameuleta, ameumwaga mlangoni bila salamu. Mimi nilimsalimia. Sasa wanawake watatu wa Ulemo wana mashauri yao na wanataka nisimame nao barazani. Nimewaambia waje kwanza darasani, nitasimama nao wakiwa wanasikia ninachosema.

Nimekusamehe. Naandika kama nilivyoahidi.

Sasa jambo la pili. Uliniambia kazi inaendelea vizuri. Muongo wewe! Lea ameniandikia yote. Umeondolewa ukarani tangu mwanzo wa mwezi wa saba kwa sababu ya ile barua yako, na unabeba magunia stesheni, na umemkataza asiniambie ili nisiende Kiomboi na mzigo moyoni. Umeanza tena kuruka maneno, Naftali. Safari hii uliruka kwa ajili yangu na ukalipia mwenyewe, kwa hiyo nimekasirika siku moja tu.

Sikiliza. Rudini nyumbani kabla ya mvua. Shamba ni kubwa na nguvu zangu zimebaki nusu. Nimelipima kwa hatua. Mimi nitalima upande wa juu, wewe na Lea upande wa chini. Katikati nitapanda ule mtama mrefu, mistari sita, uliobanana, ili wewe usinione na mimi nisikuone, na adabu yetu ibaki palepale. Ukiwa na la kusema, sema kwa sauti kutoka upande wako, kwa lugha yoyote uitakayo. Nitakujibu.

Mpaka huo mtama urefuke, mimi nitalima asubuhi na wewe utalima mchana.

Rahabu, mwenye shamba